Sema Namba ya Kweli

Kuna kipimo cha kinena na nyonga ambacho hakihitaji umeme wala foleni ya wiki mbili. Mchezaji analala chali, miguu imenyooka. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, anaingiza mikono yake katikati ya vifundo vya miguu, mchezaji anaibana kwa nguvu zake zote kwa sekunde 5, kisha anaulizwa swali moja: kuanzia 0 mpaka 10, kinena kimeuma kiasi gani? Akitaja 0 hadi 2, hiyo ni taa ya kijani, aendelee na mazoezi. Akitaja 3 hadi 5, taa ya njano, mzigo upunguzwe. Kuanzia 6 kwenda juu ni nyekundu. Asimame, achunguzwe vizuri. Waliokitengeneza ni wataalamu wa Copenhagen, Denmark, na kinaifaa hata timu isiyo na kitanda cha huduma ya kwanza.

Hapo hakuna waya, hakuna picha, hakuna damu inayopelekwa maabara. Chombo kizima ni ulimi wa mchezaji. Na ulimi wa mchezaji mwenye mechi Jumamosi, ambaye kocha amesimama pembeni anamtazama na mama yake kule nyumbani anasubiri kodi, ni kama mizani ya muuza nyama: huchezewa kwa kidole kidogo tu. Hapa kidole chenyewe ni neno "mbili."

Ndiyo maana safu hii, ambayo wiki nyingi hushughulika na ndoa, madeni na majirani, leo inaingia kwenye nyonga. Tiba ya nyonga isiyotumia kisu ni jambo la mwenendo kuliko wengi wanavyodhani. Daktari wa upasuaji hukupasua ukiwa umelala. Uwe mkweli au mwongo, mkono wake unaendelea na kazi. Mazoezi ya tiba hayana huruma hiyo. Yanakusaidia kwa kadiri unavyosema kweli, na siku unapoanza kudanganya, mazoezi yale yale yanaanza kukuumiza.

Kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kama tufe, kimekaa ndani ya tundu la fupanyonga, na tundu hilo limezungukwa na ukingo wa gegedu ambao madaktari huuita labramu. Kando yake kuna misuli: ya paja la ndani, ya makalio, na ile inayokunja paja kuja tumboni. Wataalamu waliokutana Doha mwaka 2014 walikubaliana kuyapanga maumivu ya kinena cha mwanamichezo kwa chanzo chake: misuli ya paja la ndani, msuli unaokunja nyonga, mfereji wa kinena, mfupa wa kinena, au kiungo chenyewe cha nyonga. Kwa hiyo, mwanangu, usiishie kusema "nyonga inaniuma." Sema inauma ukibana miguu, au ukikunja goti kuja kifuani, au ukikohoa, au ukiinama kuvaa soksi. Fizio anaanzia hapo.

Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Per Hölmich na wenzake wa Denmark. Walichukua wanamichezo wanaume 68 waliougua kinena kwa muda mrefu, maumivu yakiwa ya misuli ya paja la ndani. Kundi moja likapewa tiba za kupokea: leza, kuchuliwa, kunyooshwa, umeme mdogo wa kutuliza maumivu. Kundi jingine likapewa mazoezi ya kuitia nguvu misuli ya mapaja, tumbo na kiuno, kwa wiki 8 hadi 12. Waliofika mwisho wa utafiti walikuwa 59. Katika kundi la mazoezi, 23 walirudi kwenye michezo yao kwa kiwango kile kile bila maumivu. Katika kundi la kupokea, 4 tu.

Sisi watu wa pwani tunapenda kuchuliwa, nami simo miongoni mwa wanaobeza mafuta ya karafuu. Lakini tazama tofauti ya yale makundi mawili. Anayechuliwa haombwi kitu zaidi ya kulala. Anayefanya mazoezi anaombwa aamke, ahesabu, aongeze mzigo siku anayoweza, aupunguze siku asiyoweza, na arudie kesho wakati hakuna anayemwona. Kwenda kliniki huenda ikawa mara moja kwa wiki. Siku zilizobaki anajisimamia mwenyewe.

Kuna zoezi lililochukua jina la Copenhagen. Unalala ubavu, mwenzako anaushika mguu wako wa juu, kisha unanyanyua kiwiliwili kwa nguvu ya paja la ndani na kushuka polepole. Hakuna chuma, hakuna mpira maalumu. Norway walilijaribu kwa timu 35 za wachezaji wa nusu kulipwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba hatari ya matatizo ya kinena kwa waliolifanya ilikuwa ndogo kwa asilimia 41 kuliko kwa wasiolifanya. Timu ya mchangani inaweza kulifanya kabla ya mazoezi ya jioni bila kuomba senti kwa mfadhili. Linachotaka ni mwenzako asiyeuachia mguu wako katikati ili acheke.

Sasa tuje kwenye uongo, maana ndio ulionifikisha hapa. Uongo uliozoeleka kuliko wote ni wa vidonge. Kijana anameza diklofenaki asubuhi, saa nne yuko kwa fizio, anabana, anataja 1. Ulimi umesema kweli. Kidonge ndicho kilichosema uongo. Fizio anamwongezea mzigo ambao kiungo hakiuwezi, na jioni kijana analala na nyonga inayowaka huku akiilaumu hospitali. Usimeze dawa ya maumivu kabla ya kupimwa bila kumwambia anayekupima. Na ukiimeza kila siku ili ucheze, tumbo na figo nazo zitakudai, tena bila kupiga hodi.

Mwingine ameandikiwa anyanyue mara 10 kila upande, ananyanyua 4, anajaza 10 kwenye daftari. Wiki ya sita daftari linasema yuko tayari kukimbia mbio fupi. Paja halina habari. Na yupo anayeniuma moyo zaidi: klabu imempumzisha, Jumapili anaonekana kwenye ndondo mtaa wa pili, amevaa jezi ya kuazima na jina la kuazima, kwa elfu ishirini na sahani ya pilau. Simcheki. Elfu ishirini ni chakula cha watu. Ila namwambia kama ningemwambia mpwa wangu: kama njaa ndiyo iliyokupeleka, njaa hiyo itaje mbele ya klabu mapema, uombe posho ya majeruhi, ukopwe, usaidiwe. Ukiificha njaa utauza nyonga kwa bei ya pilau.

Wapo pia wanaopandisha namba. Maumivu ni 1, anataja 6. Wakati mwingine anamkwepa kocha mkali, wakati mwingine anaogopa. Amekaa nje miezi minne, usiku anaota anaanguka tena. Huyu naye asione haya. "Hainiumi, naogopa" ni jibu kamili, na fizio mzuri analijua la kufanya nalo: anarudisha mbio kwa vipande, mateke kwa vipande, kugeuka kwa vipande, mpaka mwili uzoee tena. Hofu iliyopewa jina la maumivu haina dawa, kwa sababu kila mtu anatibu kitu ambacho hakipo.

Msinielewe kwamba kisu ni dhambi. Mfupa uliovunjika na kuhama, nyonga iliyochomoka tunduni, ufa ulio upande wa juu wa shingo ya mfupa wa paja, hayo hayangojei mazoezi ya Copenhagen. Nyonga iliyochomoka hurudishwa kwa dharura, ndani ya saa chache, kabla kichwa cha mfupa hakijakosa damu. Hata pale mifupa ya kiungo inapogongana kwa sababu ya umbo lake, kisu kina nafasi. Utafiti uliofanyika katika hospitali 23 za Uingereza kwa watu 348 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba makundi yote mawili, la upasuaji wa matundu madogo na la mazoezi ya mtu mmoja mmoja, yalipata nafuu. Lile la upasuaji lilipata nafuu zaidi kwa kiasi, na kwa gharama kubwa zaidi. Ningekuwa na kijana mwenye tatizo hilo, ningeanza na mazoezi, nikampa miezi ya kweli, si wiki mbili za kuigiza, ndipo tukae tena na daktari.

Tena usinunue upasuaji kwa sababu ya picha peke yake. Mwaka 2012 Wamarekani walichapisha matokeo ya kipimo cha MRI cha nyonga za watu 45 wasiokuwa na maumivu yoyote, na asilimia 69 walikuwa na ufa kwenye labramu. Watu hao walikuwa wakitembea zao. Picha ni shahidi mmoja. Maumivu yako na uchunguzi wa mikono ya daktari ni mashahidi wengine, na wote wasikilizwe pamoja.

Kucheza na maumivu kuna gharama hata kwa nyota. Isaiah Thomas, yule mfupi wa kikapu wa Boston Celtics, msimu wa 2016/17 alikuwa na wastani wa karibu pointi 29 kwa mechi. Labramu ya nyonga ya kulia ilikuwa imeumia, akaendelea kucheza mechi za mtoano, tena katika majira ambayo dada yake alifariki kwa ajali. Mwezi Mei nyonga ikakataa. Akatibiwa bila upasuaji, na Agosti 2017, akiwa bado anajiuguza, Boston ikampeleka Cleveland katika mabadilishano ya wachezaji. Nyonga hiyo hiyo nusura ivunje makubaliano. Alirudi uwanjani Januari 2018, hakuwa yule, na Machi akapasuliwa. Mchezaji aliyetegemea mkataba mnono aliishia kusaini mwaka mmoja Denver kwa fedha ndogo kuliko sifa zake. Sisemi Boston walitenda kosa la kisheria. Biashara ndivyo ilivyo. Nasema kijana ayatazame majira yale ya Aprili na Mei, jinsi jukwaa lilivyomshangilia kwa kucheza na maumivu, kisha aihesabu miezi iliyofuata.

Andy Murray wa Uingereza aliumia nyonga akiwa namba 1 wa dunia katika tenisi, akafungwa Wimbledon mwaka 2017, akajaribu mapumziko na mazoezi kwa miezi, kisha akapasuliwa Januari 2018 na tena Januari 2019, mara hii akawekewa chuma. Kabla ya upasuaji wa pili aliwaambia waandishi wa habari, machozi yakimtoka, kwamba hata kuvaa viatu na soksi kulikuwa kunamuuma. Oktoba mwaka huo akatwaa ubingwa Antwerp. Nimemtaja kwa sababu ya zile soksi. Bingwa wa dunia hakuona aibu kusema mbele ya kamera kwamba soksi zinamshinda. Wewe unaona aibu kumwambia fizio ndani ya chumba chenye pazia.

Kuhusu watoto nitakuwa mkali. Mtoto wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea, hata kama analalamika goti, apimwe nyonga. Maumivu ya nyonga hushuka mpaka gotini, na katika umri huo kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto asikanyage. Asichuliwe, asivutwe, asiambiwe anadeka. Vijana wengine, wanapopiga shuti au kuchomoka mbio, msuli hung'oa kipande cha mfupa unaokua. Wengi wao hupona bila kisu, kwa magongo, mapumziko na kurudi polepole, mradi tu asiwepo mjomba wa kuukanda "msuli" ambao kumbe ni mfupa.

Na hapa pana jambo tunalolijua wote na hatulisemi. Kama leseni ya kijana inasema ana miaka 16 na mama yake anajua ana 20, daktari anatibu mifupa ya karatasi. Mfupa unaokua na mfupa uliokwisha kukua haiumii sawa wala haitibiwi sawa. Aliyepunguza umri huo, awe wakala, kocha au baba, ni juu yake kumwambia daktari ukweli, hata kama hana ubavu wa kuliambia shirikisho.

Kwa wasichana wanaokimbia, kule Iten na Eldoret, Arusha na Mbulu, na popote pengine panapoamka saa kumi na moja alfajiri: msichana anayekimbia kilomita nyingi, anakula kidogo ili awe mwepesi, amekosa hedhi miezi mitatu, na sasa kinena kinauma akikanyaga au akiruka kwa mguu mmoja, asikimbie tena hata mita mia kabla hajapimwa. Ufa wa uchovu kwenye shingo ya mfupa wa paja huanza hivyo. Ukiwa upande wa chini wa shingo na ni mdogo, kwa kawaida hutibiwa kwa magongo, wiki 6 hadi 8 au zaidi, pamoja na chakula cha kutosha. Ukipuuzwa, mfupa unaweza kukatika, na hapo mambo ni chuma na misumari. Eksirei ya mwanzo inaweza isiuonyeshe, kwa hiyo jibu la "picha haina kitu" lisimrudishe barabarani. Makocha wengi ni wanaume, na si rahisi kwa msichana kumwambia mwanamume habari za hedhi. Basi kambi iwe na mwanamke wa kuulizia hayo, na kocha asitake kujua zaidi ya "leo hakimbii."

Sindano nazo zina adabu zake. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo hutuliza uvimbe kwa muda na yaweza kutoa nafasi ya kufanya mazoezi. Haishoni labramu. Tangu tarehe 1 Januari 2022, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu, WADA, limezipiga marufuku sindano zote za aina hiyo wakati wa mashindano, ikiwemo ya kwenye kiungo. Dawa hukaa mwilini: triamsinoloni iliyochomwa kwenye msuli, WADA inashauri uhesabu siku 60. Kwa hiyo kabla ya kuchomwa uliza jina la dawa, liandike na tarehe yake, na mwambie daktari kwamba unashindana ili ibainike kama unahitaji kibali cha matibabu. Anayekuchoma nyuma ya duka la dawa bila kukuandikia kitu hakutibu. Amekuachia kesi.

Nawe kocha, nina neno. Ukisikia "tano" ukakunja uso, kesho utasikia "mbili" na hutajua kama umeambiwa kweli tena. Mchezaji anajifunza namba ya kusema kwa kutazama uso wako. Kama kila anayekiri maumivu anapoteza nafasi na kila anayeficha anasifiwa kuwa mpambanaji, basi waongo umewafundisha wewe, na mechi ya fainali utaanza na wagonjwa watatu bila kujua. Neno "komaa" lina mahali pake, dakika ya 85 mkiwa nyuma kwa bao moja. Kwenye chumba cha fizio halina kazi. Na usimwombe fizio akubadilishie jibu. Ukishaweza kumbadilisha, jibu lake halikufai hata wewe.

Kwa wazazi na ndugu ni fupi. Msipige simu kuuliza "utacheza lini?" Ulizeni "leo umefanya mazoezi yako?" Swali la kwanza linamtuma ndondo, la pili linamtuma mkekani. Na kama kuna aliyekuwa akitumiwa fedha kila mwezi, huu ni msimu wa yeye kutuma, hata kama ni nauli ya kumfikisha hospitali ya Muhimbili au KCMC na kumrudisha.

Bado la usajili. Ukihama klabu, hama na faili lako: picha, barua ya fizio, mazoezi uliyofikia, tarehe za sindano kama zilikuwepo. Klabu mpya ikikupima afya kabla ya kutia saini, waisikie habari ya nyonga kutoka kwako kwanza. Wakala atakuambia unyamaze. Yeye asilimia yake anaichukua siku ya saini, wewe unakwenda na nyonga mpaka Juni. Wakipunguza dau kwa sababu hiyo, jadili dau, kisha omba iandikwe ndani ya mkataba ni nani atakayekutibu, mara ngapi kwa wiki, na nani analipa.